Barua ya wazi kwa wakuu wa TEHAMA na manunuzi: tuondoleeni O na I kwenye namba za wananchi

Kwa: Wakuu wa vitengo vya TEHAMA na vya manunuzi katika taasisi za umma, mabenki, hospitali, vyuo na kampuni za huduma, Dar es Salaam.

YAH: HERUFI NA TARAKIMU ZINAZOFANANA KATIKA NAMBA ANAZONAKILI MWANANCHI

Ndugu wakuu,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Kwenye madirisha ya malipo ya jiji hili mtu huambiwa "namba yako haipo kwenye mfumo", akarudishwa nyuma ya foleni. Mara nyingi namba ipo. Karatasi ilichapa O, yeye akabonyeza 0. Au karani aliona 8 mahali palipokuwa na B. Tunaoandika barua hii ni waandishi wa programu na wachapaji, na ombi letu ni moja: namba yoyote ambayo mwananchi atalazimika kuinakili kwa mkono, kuibonyeza kwenye simu au kumsomea mtu mwingine iwe ya tarakimu tupu, iwe na tarakimu ya uhakiki ndani yake (tarakimu inayokokotolewa kutokana na zile nyingine ili kosa lijulikane), na mzigo wa kusahihisha makosa ya macho ubebwe na mfumo, usibebwe na mteja. Yaliyobaki hapa chini ni sababu na namna ya kufanya.

Zinazogombana mnazijua: 0 na O, na mara nyingine Q na D, 1 na I kubwa na l ndogo, 5 na S, 8 na B, 2 na Z, 6 na G. Kwenye herufi ndogo, r na n zikisogeleana huonekana m. Ugomvi huu ni wa tangu enzi za taipureta. Mashine nyingi hazikuwa na kitufe cha 1 kabisa, karani akipiga l ndogo badala yake, na nyingine hazikuwa hata na sifuri, akipiga O kubwa. Haikumdhuru msomaji, kwa sababu jicho la binadamu husoma neno zima na kujaza lenyewe. Kompyuta haijazi kitu. Kwake kila alama ni namba: 0 ni 48, O ni 79, 1 ni 49, I ni 73 na l ni 108. Ni vitu vitano visivyohusiana hata kidogo.

Fonti nazo zinachangia. Arial na Helvetica, ambazo ndizo zimejaa kwenye fomu na barua zetu, huchora I kubwa na l ndogo kama kijiti kilekile. Verdana, iliyochorwa na Matthew Carter na kutolewa mwaka 1996, huipa I kofia na kiatu, na hilo peke yake linatosha kuitofautisha. Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa mwaka 2019 na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya wenye uoni hafifu, hupatikana bure na imechorwa makusudi ili 0, O, 1, I na l zisifanane. Waandishi wa programu wana Consolas, DejaVu Sans Mono na IBM Plex Mono, ambazo hutia alama ndani ya sifuri. Kubadili fonti ya barua na fomu ni kazi ya siku moja kwa mwenye violezo vyake mkononi. Fanyeni, lakini msidhani mmemaliza, maana namba nyingi za mwananchi hazimfikii kwa barua iliyopangwa vizuri. Zinamfikia kwa risiti.

Printa ya risiti inayotumia karatasi ya milimita 58 kwa kawaida ina nukta 384 kwa upana, yaani nukta 8 kwa kila milimita. Kwa fonti A, kila herufi hupewa nukta 12 kwa 24, na mstari hubeba herufi 32. Muuzaji wa mfumo akitaka kubana karatasi huhamia fonti B, ya nukta 9 kwa 17, mstari ukabeba herufi 42. Hapo ndipo mambo huharibika. Kwenye nukta tisa, ukitoa nafasi ya pembeni, tofauti kati ya 8 na B inabaki kwenye nukta chache za pembe za kushoto. Kichwa cha printa kikifa nukta moja, hutoka mstari mweupe wa wima kwenye kila risiti; ukipita upande wa kushoto wa 8, mteja anasoma 3. Na ile sifuri yenye mkwaju, inayosifiwa sana na wenzetu wa programu, ikichapwa kwa fonti B katikati yake hujaa weusi ikasomeka 8. Kwenye kioo cha kompyuta ni nzuri. Kwenye risiti ndogo msiiweke.

Marekebisho ni ya baiti chache. Namba ya kunakili ichapwe kwenye mstari wake peke yake, kwa fonti A iliyokuzwa mara mbili upana na urefu. Kwa printa zinazofuata amri za ESC/POS, ambazo ndizo nyingi madukani, tumeni 1B 4D 00 kuchagua fonti A, kisha 1D 21 11 kukuza, na baada ya namba 1D 21 00 kurudisha. Mstari sasa unabeba herufi 16. Namba ya tarakimu 12 ikigawanywa nne-nne kwa nafasi huchukua 14, inaingia bila kukatika. Urefu wake ni nukta 48, sawasawa na milimita 6 za karatasi. Hakuna bajeti inayoshindwa milimita 6.

Baada ya macho kuna masikio, na hapa ndipo mifumo mingi iliyonunuliwa nje hutuangusha, kwa kuwa walioijaribu hawakuijaribu kwa Kiswahili. Mtu wa Dar akitaja herufi kwenye simu huchanganya majina ya Kiswahili na ya Kiingereza bila kujijua. Akisema "i", ni I yetu au ni E ya Kiingereza? Akisema "a", ni A yetu au ni R? Akisema "e", je, ni E yetu au ndiyo A ya Kiingereza? Sifuri wengine huiita "ziro", wengine "o", kwa hiyo hata mwenye msimbo sahihi mkononi anaweza kumwambia karani "o" akiwa anaangalia sifuri. Ongezeni kelele za daladala na mtandao unaokatika Mbagala au Gongo la Mboto, msimbo wa herufi nane zilizochanganywa unafika upande wa pili ukiwa kitu kingine kabisa.

Tarakimu nazo zina mtego wao, hatutaficha. "Sita" na "tisa" ni sauti zilezile, s na t zikiwa zimebadilishana nafasi, na kwenye laini mbovu hubadilishana. Ubaya ni kwamba hata kwa macho 6 ni 9 iliyopinduliwa. Wafundisheni wahudumu wa simu wairudie namba kwa mteja kwa mafungu ya tatu-tatu au nne-nne, wasiisome yote kwa mkupuo, na wakifika kwenye sita au tisa waulize. Lakini msitegemee mafunzo. Kosa hili linakamatwa na tarakimu ya uhakiki, tutaifikia.

Kisha kuna vidole. Wateja wenu wengi wanalipa kwa kitochi, kupitia menyu ya nyota na reli. Kwenye kitochi herufi S ni kubonyeza kitufe cha 7 mara nne. Ukichelewa kidogo katikati, baada ya mbonyezo wa pili, unapata Q mbili. B ni 2 mara mbili. Kuhama kutoka herufi kwenda tarakimu ni kitufe kingine, ambacho si sawa kwenye simu zote. Msimbo wa aina ya "B8S5Z2" kwenye simu hiyo ni adhabu, na menyu haimsubiri mtu. Tunajua mtu atanyoosha mkono kikaoni aseme picha ya QR imemaliza haya yote. QR ni nzuri kwa mwenye simu janja, yenye chaji, na risiti ambayo haijafifia. Iwekeni. Lakini chini yake bado mtachapa namba, na namba hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Mifano mizuri tunayo hapahapa nyumbani. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, na mita ina vitufe vya tarakimu tu. Watu huiingiza gizani, umeme ukiwa umekwisha, na inakubali. Ikikosewa tarakimu moja mita huikataa, kwa sababu ndani ya zile 20 mna uhakiki. Namba ya NIDA ni tarakimu 20 zilizogawanywa kwa vistari: nane za tarehe ya kuzaliwa, tano, tano, na mbili. TIN ni tarakimu tisa, tatu-tatu. Namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali ni tarakimu 12. Kwa hiyo hatuombi jambo la ajabu. Tunaomba namba ya mgonjwa, namba ya maombi ya chuo, namba ya mzigo, namba ya tiketi, namba ya bima na neno la siri la mara ya kwanza zifuate njia hiyohiyo.

Hoja tunayojibiwa ni kwamba tarakimu tupu zitaisha upesi. Tupige hesabu. Ukitumia herufi 26 na tarakimu 10 kwenye nafasi nane, unapata misimbo 2,821,109,907,456. Tarakimu tupu 12 zinakupa trilioni moja; 13 zinakupa trilioni kumi. Tofauti ni nafasi tano za ziada, na mtu anayebonyeza 13 zilizogawanywa 4-4-5 kwenye vitufe vya tarakimu humaliza mapema kuliko anayehangaika na nane zilizochanganywa. Taasisi yenye wateja milioni chache haihitaji hata trilioni.

Pale ambapo herufi haziepukiki, kwa sababu ya mkataba wa zamani au mfumo wa kimataifa, punguzeni zinazofanana. Mpangilio wa Douglas Crockford wa alama 32 huondoa I, L, O na U, na msomaji akiandika O hupokelewa kama 0, akiandika I au L hupokelewa kama 1. Kwa nafasi nane bado mna 1,099,511,627,776. Ule wa RFC 4648, waraka wa viwango vya intaneti, umekwenda njia nyingine: umebakiza A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7, ukatupa 0, 1, 8 na 9. Base58 ya Bitcoin imetupa 0, O, I na l. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaotatua 5 na S au 2 na Z. Kwa karatasi za risiti sisi tunapendekeza ukali zaidi: A C D E F H J K M N P R T W X Y na 3 4 7 9, basi. Alama 20, nafasi kumi, misimbo trilioni 10.24. Kwa simu bado A, E na R zitasumbua, kama tulivyoeleza, ndiyo maana tunarudi palepale kwamba tarakimu tupu ni bora.

Sasa tarakimu ya uhakiki. Inayojulikana zaidi ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeomba hataza mwaka 1954 akaipata mwaka 1960. Ndiyo iliyo kwenye kadi za benki. Inakamata kosa lolote la tarakimu moja, na karibu kila kosa la tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi, isipokuwa 09 na 90. Njia ya Damm, ya mwaka 2004, inakamata yote mawili bila kubakiza, na bado huongeza tarakimu moja tu. Kwa namba za fedha tunashauri tarakimu mbili za kiwango cha ISO 7064 kiitwacho MOD 97-10, kilekile cha namba za akaunti za IBAN. Hesabu yake inaingia kwenye kikokotoo cha simu. Chukueni namba 7120645. Ongezeni sifuri mbili mwishoni: 712064500. Gawanyeni kwa 97, kinabaki 13. Toeni kwenye 98, mnapata 85. Namba ya kumpa mteja ni 712064585. Kuihakiki, igawanyeni kwa 97. Ni lazima kibaki 1. Mteja akibadilisha 6 na 4 akaandika 712046585, kinabaki 43, mfumo unajua papo hapo. Akisikia "tisa" badala ya "sita" akaandika 712094585, kinabaki 28. Hakuna haja ya kugusa kanzidata kujua kwamba namba imekosewa.

Tahadhari moja kwa watakaochanganya herufi na tarakimu. Wengi huiga uhakiki wa mistari ya chini ya pasipoti, ambapo A huhesabiwa 10, B 11, na kuendelea, zikazidishwa kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, zikajumlishwa, na kubakizwa kwa 10, yaani kuchukuliwa kinachobaki jumla ikigawanywa kwa 10. Njia hiyo inakamata O na 0, I na 1, S na 5, Z na 2, B na 8. Haikamati G na 6. G ni 16, tofauti yake na 6 ni kumi kamili, na kumi ukiizidisha kwa chochote na kubakiza kwa kumi unapata sifuri. Kwenye pasipoti ni sehemu ndogo ya mengi yanayohakikiwa na mashine. Kwenye risiti ya kaunta itakuwa ndiyo yote mliyonayo.

Uhakiki ukishakuwepo, mfumo uanze kuwa mpole. Kwenye sehemu inayojulikana kuwa ni ya tarakimu, ondoeni nafasi na vistari, badilisheni O kuwa 0, I na l kuwa 1, S kuwa 5, B kuwa 8, Z kuwa 2, G kuwa 6, kisha hakikini, kisha ndiyo mtafute. Ni mistari michache ya programu. Kwenye kurasa za wavuti tumieni inputmode="numeric" ili simu ilete vitufe vya tarakimu; msitumie type="number", kwani hiyo hukubali herufi e na inaweza kula sifuri za mwanzo. Namba ikishindwa uhakiki, msimhesabie mteja jaribio. Tunaona mifumo inayofunga akaunti baada ya makosa matatu hata kama makosa yote ni ya kuandika. Mtu anayebahatisha namba za wengine na mtu aliyesoma 8 kama 3 wanapewa hukumu moja. Na badala ya "namba si sahihi", andikeni "namba haijakamilika au kuna tarakimu imekosewa, angalia tena fungu kwa fungu". Ule ujumbe wa kwanza humfanya mtu apange foleni kuuliza kama amefutwa.

Mahali pengine nafasi ya herufi inatosha kuamua. Namba ya gari ni T, tarakimu tatu, herufi tatu. Mhudumu wa maegesho akiandika "T 1O5" mfumo hauna sababu ya kulalamika. Nafasi ya tatu haiwezi kuwa herufi. Namba za chesesi zina ugumu zaidi, na kwa jiji linalopokea magari yaliyotumika ya Japani kupitia bandari yake, zinastahili uangalizi. Magari ya nchi nyingine nyingi hubeba namba ya alama 17 ya kiwango cha ISO 3779, ambacho kimepiga marufuku I, O na Q. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana hiyo. Yana namba fupi, modeli kwanza, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Mchukueni Noah wa zamani, SR50. S inaweza kusomwa 5, 5 ikasomwa S, 0 ikasomwa O. Karani wa wakala wa forodha akisoma kopi ya kopi ya cheti cha Kijapani anaweza kuandika 5R5O na asione kosa. Corolla ZZE122 ina Z mbili na 2 mbili. Dawa yake ni orodha ya modeli: sehemu ya kabla ya kistari ichaguliwe au ilinganishwe na orodha, na sehemu ya baada ya kistari ikubali tarakimu tu. Ikiachwa iandikwe huru, kosa la dakika moja bandarini linahamia kwenye kadi ya gari na bima, na kulisahihisha baadaye ni barua na viapo.

Kuna kifanano kingine ambacho hakimo kwenye vitabu vya wageni, nacho kinatuhusu kuliko wote: alama ya ng'. Andikeni Chang'ombe. Kwenye kompyuta ya karani ile alama ni nambari 39, kijiti kilichonyooka. Word huigeuza yenyewe ikawa iliyopinda, 8217. Simu nyingine nazo hugeuza. Karani mwingine hubonyeza kitufe cha juu kushoto, akapata 96. Kwa macho ni Chang'ombe zote. Kwa mfumo ni mitaa mitatu tofauti, na mtu wa Nyang'hwale au Wanging'ombe, au mwenye jina la ukoo lenye ng', hapatikani akitafutwa. Wapo waandishi wa programu wanaoikataa alama hii kabisa kwa sababu kwenye SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, ndiyo inayofunga maandishi, na wakiiacha ipite ovyo huvunja amri au kufungua mlango kwa wezi. Suluhisho la hilo ni kutenganisha amri na data kwa vigezo, jambo ambalo kila maktaba ya kanzidata inalo. Kumwambia mtu aandike jina lake "Ngombe" si suluhisho. Pokeeni 39, 96, 180, 700, 8216 na 8217, zihifadhini zote kama moja, na mtunze safu ya pili ya kutafutia isiyo na alama yoyote. Kwenye kitambulisho na risiti lichapwe jina kamili.

Kwa wale wanaoguswa na gharama zaidi ya majina: alfabeti ya kawaida ya meseji ina alama ya 39, haina 8217. Meseji moja ikibeba ile iliyopinda, meseji nzima hubadilishwa usimbaji, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa meseji moja unakuwa tatu, kwani zikiunganishwa kila moja hubeba 67 tu. Mnaotuma meseji kwa wingi angalieni ankara zenu.

Excel tunaitaja kwa uchungu. Huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Bandikeni namba ya NIDA ya tarakimu 20 kwenye safu ya kawaida, na tano za mwisho zinakuwa sifuri, hazirudi tena hata mkibadilisha muundo baadaye. Simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri. Namba ya mzigo "12E05" huwa milioni moja na laki mbili. Safu ifanywe maandishi kabla ya kubandika, na wakati wa kuingiza faili ya CSV mchague maandishi kwa kila safu ya namba za utambulisho. JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, nayo hubeba namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991. Namba ya malipo ya tarakimu 12 inapita, ya NIDA haipiti isipokuwa iwe ndani ya alama za kunukuu. Ndiyo maana mfumo hufaulu majaribio ya malipo ukaja kuharibu utambulisho. Kanuni tunayofuata: namba isiyojumlishwa wala kutolewa ihifadhiwe kama maandishi.

Kwa vijana wenu wa programu, kwa kifupi. Kwenye Java 1l inasomeka kumi na moja. Lugha yenyewe inashauri L kubwa. Mwongozo wa Python, PEP 8, unakataza l, O na I kuwa majina ya herufi moja, na kikaguzi cha pycodestyle hulipigia kelele kwa E741, kiwasheni. Kwenye C na Java namba inayoanza na 0 husomwa kwa msingi wa nane, hivyo 010 ni nane.

Na kuna matapeli. Jina la mtumaji wa meseji lina nafasi 11 za herufi. Anayeandikisha "MALlPO" kwa l ndogo mahali pa I anasimama kando ya "MALIPO" halisi bila mtu kugundua. Wanaosajili majina hayo, na wanaosajili anwani za mtandao, walinganishe jina jipya na yaliyopo baada ya kuyageuza yote kuwa sura moja: I, l na 1 kitu kimoja, 0 na O kitu kimoja, rn na m kitu kimoja. Unicode, kiwango cha kimataifa cha namba za herufi, imechapisha orodha ya herufi zinazofanana katika waraka wake namba 39, pamoja na zile za Kirusi na Kigiriki ambazo hazitofautiani na zetu hata kwa darubini.

Kwa wakuu wa manunuzi, maneno haya mnaweza kuyanakili kwenye hati ya zabuni kama yalivyo: "Kila namba itakayonakiliwa na mteja iwe ya tarakimu pekee, iwe na uhakiki unaokamata kosa lolote la tarakimu moja na la tarakimu mbili jirani kubadilishana, ichapwe kwa mafungu yasiyozidi tarakimu tano, na urefu wake kwenye risiti usipungue milimita 4. Mfumo upokee O, I, l, S, B, Z na G kama tarakimu zinazofanana nazo kwenye sehemu za tarakimu. Jaribio lililoshindwa uhakiki lisihesabiwe. Alama ya ng' ipokelewe katika maumbo yake yote."

Kabla ya kusaini kwamba mfumo umepokelewa, fanyeni jaribio hili mbele ya mzabuni. Chukueni printa kuukuu kuliko zote mlizonazo, chapeni misimbo 20, ikunjeni karatasi na kuiacha juani kwenye dashibodi ya gari hadi jioni. Mpeni mtu asiye wa TEHAMA aisome kwa simu, akiwa nje kituoni, kwa mwenzake aliye ofisini akiandika kwa kitochi. Hesabuni ngapi zimefika sawa, ngapi zimekamatwa na uhakiki, na ngapi zimekosewa zikapita. Hiyo ya tatu ikizidi sifuri, mzabuni arudi kazini.

Namba mlizokwisha kutoa msizifute. Ziendelee kupokelewa kama zilivyo, kwa kusahihishwa na mfumo, na namba mpya zianze kwa tarakimu ambayo za zamani hazikuitumia, ili mfumo ujue ipi ni ipi. Anzeni na risiti. Hilo la fonti A na milimita 6 linaweza kufanyika wiki hii bila zabuni yoyote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Waandishi wa programu na wachapaji,
Dar es Salaam